Namna ya kuwamba ngozi mpya za drams na kulinganisha sauti zake

DRAMS zinapoanza kutoa mlio wa debe, wamiliki wengi hukata shauri kuwa zimezeeka. Kwaya huanza kuchangisha fedha za seti mpya, na bendi hutafuta mahali pa kukodi nyingine. Mara nyingi uamuzi huo huwa wa haraka mno, kwani mzinga wa mbao uliotunzwa vizuri huweza kutumika kwa miongo kadhaa. Kinachochoka ni ngozi, na ngozi hubadilishwa.

Seti ya kawaida ina ngoma tano: besi yenye kipenyo cha inchi 22, snea ya inchi 14, tomu mbili ndogo za inchi 12 na 13, na tomu kubwa ya inchi 16 inayosimama sakafuni kwa miguu yake. Kila ngoma ina ngozi mbili, ya kupigwa na ya upande wa pili inayoitikia, hivyo seti nzima hubeba ngozi 10.

Hata hivyo, kununua ngozi mpya ni nusu tu ya kazi. Ngozi ghali iliyowambwa ovyo hutoa mlio mbaya kuliko ngozi ya bei nafuu iliyowambwa kwa uangalifu.

Kutoka ngozi ya ndama hadi plastiki

Hadi katikati ya karne ya 20, drams ziliwambwa kwa ngozi halisi, hasa ya ndama. Ngozi hiyo ilikuwa na sauti tamu, lakini ilitawaliwa na hali ya hewa. Ilivuta unyevu siku ya mvua na kulegea, kisha ikakauka na kukaza siku ya jua. Wapigaji wa Marekani wa miaka ya 1920 walifikia hatua ya kufunga taa ya umeme ndani ya besi ili joto lake liikaushe ngozi.

Tatizo hilo si geni Afrika Mashariki, ambako ngoma za asili huanikwa juani au kuoteshwa moto kabla ya mchezo kuanza.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1950, ilipopatikana plastiki nyembamba na imara ya aina ya poliesta. Wamarekani Chick Evans na Remo Belli ni miongoni mwa waliotangulia kuiuza kama ngozi ya ngoma, na kampuni ya Remo ilianzishwa mwaka 1957. Tangu wakati huo plastiki imetawala, ingawa jina la ngozi limebaki.

Dalili za ngozi iliyochoka

Dalili ya kwanza huonekana kwa macho. Ngozi yenye mabonde katikati, au iliyobanduka rangi mahali panapogongwa, imekwisha kazi yake. Plastiki iliyovutika kupita kiasi hairudi katika hali yake, hata skrubu zikazwe namna gani.

Dalili ya pili husikika. Mlio huwa mfupi na mzito usio na uhai, na kila jitihada ya kuurekebisha hushindwa. Ngozi za chini hudumu zaidi kwa kuwa hazigongwi, lakini nazo huchoka kwa kukaa katika mkazo muda mrefu.

Kuchagua ngozi

Ngozi ya plastiki yenye unene wa takriban milimita 0.25, iliyo ya tabaka moja, hutoa sauti wazi inayodumu. Ile ya tabaka mbili hutoa sauti nzito na fupi zaidi, nayo huvumilia mapigo ya nguvu. Iliyopakwa rangi nyeupe yenye kukwaruza huwa na sauti laini kuliko inayopitisha mwanga, na ndiyo inayopendelewa kwa snea.

Ngozi ya chini ya snea ni ya pekee. Unene wake ni takriban milimita 0.08 tu, ili iweze kuzitikisa nyaya zilizolala juu yake. Asiyejua tofauti hiyo akaweka hapo ngozi nene ya kupigwa, huiziba sauti ya snea kabisa.

Kufungua na kusafisha

Kazi huanza kwa kulegeza skrubu zote kidogo kidogo, kwa ufunguo maalumu wa drams, badala ya kuifungua moja hadi mwisho na kuziacha nyingine zimekaza. Kulegeza upande mmoja tu huweza kuipinda pete ya chuma inayoibana ngozi.

Ngozi ya zamani ikishaondolewa, ukingo wa mzinga hufutwa kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo ngozi hukaa, na hapo ndipo sauti huzaliwa. Kipande cha uchafu, mbao iliyomeguka au gundi iliyoganda hutosha kuifanya ngozi isikae sawa. Kidole hupitishwa taratibu kuuzunguka ukingo wote ili kubaini kasoro.

Skrubu nazo hufutwa vumbi na kupakwa mafuta au grisi kidogo. Skrubu kavu humdanganya fundi, kwani hugoma kuzunguka kabla ngozi haijakaza.

Kuwamba

Ngozi mpya huwekwa juu ya mzinga, nayo inapaswa kuzunguka kwa urahisi bila kulazimishwa. Pete hufuata, kisha skrubu hukazwa kwa vidole pekee hadi zote ziiguse pete kwa nguvu sawa.

Baada ya hapo ufunguo hutumika, kwa nusu mzunguko kila skrubu, na daima kwa kuvuka upande wa pili. Kwa tomu yenye skrubu sita, zikihesabiwa kwa kuzunguka, mpangilio mzuri ni 1, 4, 3, 6, 5 na 2. Kwa ngoma ya skrubu nane, ni 1, 5, 3, 7, 2, 6, 4 na 8.

Mikunjo ikishaondoka, kiganja huwekwa katikati ya ngozi na kuikandamiza kwa uthabiti ili ikae vyema ukingoni. Huenda ikasikika milio midogo ya gundi ya ngozi ikiachia. Hilo si jambo la kutia hofu. Sauti ikishuka baada ya kukandamiza, skrubu hukazwa tena kwa mpangilio uleule. Ikiwezekana, ngoma huachwa hivyo usiku kucha kabla ya kulinganishwa.

Kulinganisha

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Katika drams, anayevutia kwake huiharibu ngoma. Siri ya mlio mzuri ni mkazo ulio sawa pande zote, wala si mkazo mkubwa.

Sababu yake ni ya kisayansi. Ngozi ya duara inapogongwa karibu na ukingo, hutikisika kwa mielekeo miwili inayokingamana. Mkazo ukiwa sawa, mielekeo yote miwili hutoa sauti moja. Upande mmoja ukikaza zaidi, sauti hizo hutengana. Moja ikitikisika mara 200 kwa sekunde na nyingine mara 204, sikio husikia mlio unaovimba na kufifia mara nne kila sekunde. Huo ndio mlio wa kuyumba ambao wengi huujaribu kuuzima kwa kubandika karatasi ya gundi juu ya ngozi.

Ili kuutibu, ngoma hulazwa juu ya zulia au kitambaa ili ngozi ya pili inyamaze. Kijiti hugonga polepole mbele ya kila skrubu, sentimita tatu hadi tano kutoka kwenye pete, huku kidole kikigusa katikati ya ngozi kwa wepesi. Penye sauti nzito hukazwa, na penye sauti nyembamba hulegezwa.

Ikumbukwe kuwa skrubu moja huathiri jirani zake, na hasa ile inayoikabili. Kwa hiyo marekebisho huwa madogo, pengine robo ya mzunguko au pungufu. Aidha, skrubu iliyozidi haifai kurudishwa hadi mahali pake moja kwa moja. Hushushwa chini zaidi kidogo, kisha hupandishwa, ili isije ikalegea ngoma inapopigwa.

Ngozi zote mbili zikishalingana, kila moja kwa nafsi yake, ndipo uhusiano wake huamuliwa. Zikiwa na sauti sawa, mlio hudumu muda mrefu. Ya chini ikikazwa zaidi ya ya juu, mlio hufupika kidogo na kuwa na umbo dhahiri. Ngoma ndogo huwa na sauti nyembamba kuliko kubwa, na ni vyema tomu ziachane kwa hatua zinazosikika waziwazi, zikishuka mfano wa ngazi kutoka ndogo hadi kubwa.

Snea na besi

Snea hukazwa kuliko ngoma zote. Ngozi yake ya chini hukazwa sana lakini kwa uangalifu, kwani ni nyembamba mno na kijiti huweza kuitoboa. Nyaya hukazwa mwisho, kwa kiasi cha kuitikia hata pigo dogo. Zikibanwa kupita kiasi, snea husikika kama kopo.

Endapo nyaya hizo hunguruma tomu inapopigwa, dawa yake si kuzibana. Huwa sauti ya tomu imekutana na ya snea, na kuipandisha au kuishusha tomu kidogo hupunguza ngurumo hiyo.

Besi hufuata njia nyingine. Ngozi yake hukazwa hadi mikunjo itoweke, kisha huongezwa kidogo tu. Mto au blanketi jepesi linaloigusa ngozi kwa ndani hutosha kuufupisha mwangwi. Kuijaza besi nguo hadi pomoni huiua sauti yake.

Makosa ya kuepuka

Kosa kubwa ni kudhani kuwa kukaza zaidi huongeza sauti. Kwa kanuni za fizikia, mkazo wa ngozi hulazimika kuongezwa mara nne ili sauti ipande kwa oktavu moja tu. Fundi asiyelijua hilo huendelea kuzungusha ufunguo hadi nyuzi za skrubu zikatike au ngozi ing'oke kwenye pete yake. Ngoma ivumayo sana, wahenga walisema, haidumu.

Kosa la pili ni kubadilisha ngozi dakika chache kabla ya ibada au onyesho. Ngozi mpya huendelea kulegea katika saa zake za mwanzo, na huhitaji kusawazishwa tena baada ya kupigwa kwa muda.

Kosa la tatu ni kuzisahau. Ngoma zinazosafirishwa kwa gari na kupigwa kila wiki hulegea skrubu kutokana na mtikisiko, hivyo zinastahili kukaguliwa kila kabla ya kupigwa. Kwa mwenye fedha kidogo, njia ya busara ni kuanza na ngozi ya juu ya snea, ambayo hupigwa zaidi na kuchoka mapema, na kuzibadilisha nyingine kwa zamu. Ufunguo mmoja mdogo na saa moja ya utulivu huweza kuiepushia kwaya au bendi gharama ya kununua seti ambayo haikuwa ikihitajika.