Upanga wa Ofisa wa Wanamaji wa Uingereza: Uchaguzi kwa Mkusanyaji

Upanga wa ofisa wa wanamaji wa Uingereza, muundo wa 1827, ni upanga wa sherehe wenye kinga ya mkono ya shaba iliyotiwa dhahabu, kichwa cha simba mwishoni mwa mpini, na ubapa mwembamba wa kiasi cha sentimita 80. Umebaki kazini kwa karibu karne mbili, kwa hiyo panga za kale na za kisasa za muundo huo huuzwa minadani bega kwa bega. Kwa anayeanza kukusanya silaha za baharini hakuna mwanzo bora: alama zake zinasomeka, na mara nyingi jina la mwenyewe linaweza kupatikana.

Kabla ya 1805 kila ofisa alijinunulia upanga aliopenda. Agosti mwaka huo Makao Makuu ya Wanamaji yalitoa agizo la kwanza la muundo mmoja: makamanda na waliowazidi cheo walipewa mpini wa pembe ya ndovu wenye kichwa cha simba, na maluteni mpini mweusi usio na simba. Mwaka 1827 ikaja kinga ya mkono iliyozibwa, mfano wa nusu kikapu, ambayo ndiyo ya leo. Ubapa wa awali, wenye mgongo wa mviringo kama bomba, uliachwa mwaka 1846 ukachukuliwa ule wa kampuni ya Wilkinson wenye mfereji ubavuni. Baada ya hapo yaliyobadilika ni machache, na wanamaji wa Australia, Kanada, India na New Zealand waliurithi muundo huohuo.

Ukaguzi uanzie kwenye mpini. Mbele ya kinga pana taji na nanga iliyozongwa na kamba. Enzi ya Malkia Victoria matao ya taji yalibonyea katikati. Kuanzia 1901, chini ya Edward VII, yalikuwa ya mviringo. Mwaka 1953 Elizabeth II alirudisha yaliyobonyea. Na sasa, chini ya Charles III, mviringo umerejea. Taji pekee basi halitoshi kutofautisha upanga wa 1880 na wa 1980. Lisomwe pamoja na herufi za mfalme au malkia zilizonakshiwa kwenye ubapa: VR kwa Victoria, EIIR kwa Elizabeth wa Pili. Vikipingana, mnunuzi asikimbilie kusema ameuziwa bandia, kwani panga zilirithiwa, na ubapa wa baba uliweza kutiwa mpini mpya kwa ajili ya mwana. Muuzaji aulizwe, na bei iendane na jibu lake.

Upande wa ndani wa kinga kuna kibawa kidogo chenye bawaba na tundu. Kikikunjwa, tundu hilo huingia kwenye chuchu iliyo kwenye mdomo wa ala, na upanga hauwezi kuchomoka wenyewe chombo kikiyumba. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha kujua kama upanga na ala vilitoka pamoja. Tundu na chuchu visipokutana, moja kati ya hivyo viwili limetoka kwingine.

Mpini wenyewe umevikwa ngozi nyeupe ya samaki, papa au taa, iliyofungwa kwa waya wa dhahabu uliosokotwa. Maofisa wa waranti hapo awali walikuwa na mpini mweusi na kichwa kisicho na simba, nao wakusanyaji wengi huzipita panga hizo bila kuzitazama. Mimi naona ni kosa, maana zinasimulia maisha ya mabaharia waliopanda cheo kwa jasho. Ngozi halisi ya taa ina vipele vikubwa na vidogo vilivyochanganyika. Kwenye nakala za mapambo vipele ni vya plastiki, vimelingana kote, na mshono wa kalibu unaonekana ubavuni.

Kisha upanga uchomolewe polepole na kugeuzwageuzwa mbele ya dirisha. Nakshi zilizochorwa kwa asidi zinatakiwa zisomeke hadi kwenye majani madogo ya pembeni. Ubapa wenye madoa ya kahawia na nakshi kamili ni bora kuliko uliong'arishwa hadi nakshi zikafutika, kwa sababu doa linaweza kudhibitiwa lakini mchoro uliosagwa haurudi. Bapa nyingi za karne ya 20 zimepakwa nikeli au kromi. Mpako huo ukibabuka, kutu huwa tayari imetambaa chini yake.

Karibu na mpini, kwenye panga nzuri za Wilkinson, kuna kidoto cha shaba ndani ya nyota ya pembe sita, alama ya ubapa uliojaribiwa nguvu. Cha thamani zaidi ni nambari iliyo kwenye mgongo. Kuanzia miaka ya 1850 kampuni hiyo iliandika nambari za panga zake katika madaftari ambayo yamehifadhiwa, nayo huweza kutaja mwaka na hata mnunuzi. Jina likipatikana, orodha rasmi za maofisa na kumbukumbu za utumishi zilizoko Kew, London, huonyesha meli alizotumikia.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Meli ya HMS London ilitia nanga Unguja tangu 1874 kama kituo cha doria dhidi ya biashara ya watumwa. Nahodha wake Charles Brownrigg aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 akipambana na jahazi la watumwa, na Luteni Lloyd Mathews aliyehudumu kwenye meli hiyo akawa kamanda wa jeshi la Sultan Barghash wa Zanzibar. Upanga wa kawaida wa luteni yeyote aliyehudumu katika maji hayo ungestahili zaidi nafasi katika makumbusho yetu kuliko upanga wa admirali asiyetuhusu.

Panga za tuzo ni jambo jingine. Mfuko wa Uzalendo ulioanzishwa kwenye soko la bima la Lloyd's mwaka 1803 ulitoa panga za pauni 100 kwa manahodha, 50 kwa maluteni na 30 kwa wadogo wao, zenye ubapa wa buluu na dhahabu na maandishi yanayomtaja shujaa na pambano lake. Ni za kupendeza na za gharama kubwa, kwa hiyo zisinunuliwe bila mtaalamu. Anayeuziwa upanga "aliouvaa Nelson Trafalgar" ajue kwamba siku ya pambano hilo la baharini, 21 Oktoba 1805, Admirali Nelson alipigana bila upanga; aliuacha kwenye chumba chake melini.

Wilkinson iliacha kutengeneza panga mwaka 2005. Upanga wa kisasa uliotumika, wa enzi ya Elizabeth II, una ubora wa kazi ule ule wa panga zake za kale, na haufai kudharauliwa.

Mpini wa pembe ya ndovu wa muundo wa 1805 una masharti yake. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika 2022 inazuia kuuza pembe isipokuwa kwa misamaha michache inayohitaji usajili, na kuivusha mipaka kunahitaji vibali vya kimataifa. Katika hali ya hewa ya pwani, ubapa upakwe nta nyembamba na usikae muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, ambayo hufyonza unyevu. Dhahabu ya mpini isisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia shaba. Ni tabaka jembamba, na likishaondoka halirudi. Mwenye fedha ya upanga mmoja tu anunue wa luteni, wenye nambari inayosomeka na ala yake mwenyewe.