Uraia wa Ireland kupitia kwa nasaba: Kwa nini majuto huwa ya mjukuu

MNAMO Mei 2011, Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo, alizuru kijiji kidogo cha Moneygall katika kaunti ya Offaly nchini Ireland. Sisi huku Kenya twamfahamu Obama kwa upande wa babake wa Kogelo, Siaya. Wenyeji wa Moneygall nao walimlaki kama mwana aliyerejea nyumbani kwa upande wa mamake, kwani mmoja wa mababu zake, Falmouth Kearney, mwana wa fundi wa viatu, aliabiri meli kutoka huko mwaka wa 1850 kwenda kutafuta maisha Marekani.

Hata hivyo, licha ya shangwe zote hizo, sheria ya Ireland haikumpa Obama haki ya kuomba uraia kwa msingi wa babu huyo. Kati yake na Kearney kuna vizazi vitano, na sheria haiendi mbali kiasi hicho. Hata John F. Kennedy, aliyezuru Ireland mwaka wa 1963 na kusifiwa kama fahari ya taifa hilo, alikuwa kitukuu tu wa wahamiaji. Babu na nyanya zake wote wanne walizaliwa Marekani.

Hili ndilo jambo la kwanza analopaswa kulielewa yeyote mwenye damu ya Ireland. Damu pekee haitoshi. Kinachozingatiwa ni kizazi, mahali pa kuzaliwa na, zaidi ya yote, tarehe ambayo jina liliandikwa daftarini.

CHANZO CHA UKOO ULIOTAWANYIKA

Kati ya mwaka wa 1845 na 1852, ugonjwa uliharibu viazi, chakula tegemeo cha maskini wa Ireland. Takriban watu milioni moja walifariki, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Uhamaji huo haukukoma njaa ilipoisha. Kwa zaidi ya karne moja, vijana wa Ireland waliendelea kuelekea Uingereza, Marekani, Kanada na Australia. Wapo pia waliofika Afrika Mashariki wakiwa askari, walimu, madaktari, wakulima na watumishi wa serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliacha watoto huku.

Ireland ilipopata serikali yake mwaka wa 1922, ilijikuta ikiwa na watu wengi wa asili yake nje ya mipaka kuliko ndani. Sheria ya Uraia ya mwaka wa 1956, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo, iliwawekea mlango. Wengi waliubisha hodi mlango huo baada ya Uingereza kupiga kura mwaka wa 2016 ya kujiondoa katika Umoja wa Ulaya. Raia wa Ireland anaweza kuishi na kufanya kazi katika nchi zote za umoja huo, na pia nchini Uingereza kwa mujibu wa mapatano ya miaka mingi baina ya mataifa hayo mawili.

NANI ANAHITIMU?

Kwanza ni mtoto. Ikiwa mmoja wa wazazi wako alizaliwa katika kisiwa cha Ireland na alikuwa raia wa nchi hiyo wakati ulipozaliwa, basi wewe ni raia tangu siku ya kuzaliwa, hata kama ulizaliwa Nairobi au Kisumu. Huhitaji kuomba uraia. Unachohitaji ni kuthibitisha nasaba hiyo na kuomba pasipoti moja kwa moja.

Pili ni mjukuu. Ikiwa wazazi wako walizaliwa nje ya Ireland lakini babu au nyanya yako mmoja alizaliwa huko, una haki ya kuwa raia, ila ni sharti kwanza uandikishwe katika Daftari la Waliozaliwa Ughaibuni, linalotunzwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ireland. Si lazima mzazi wako awe aliwahi kuwa na pasipoti ya Ireland. Yeye huhesabiwa kuwa raia tangu kuzaliwa kwa kuwa mzazi wake alizaliwa kisiwani. Aidha, haidhuru iwapo babu au mzazi huyo amekwisha kufariki.

Tatu ni kitukuu, na hapa ndipo mlango unapokuwa mwembamba. Kwa jumla, kitukuu huhitimu tu ikiwa mzazi wake alikuwa amekwisha kuandikishwa katika daftari hilo kabla ya yeye kitukuu kuzaliwa.

Ni muhimu kutaja kwamba kisiwa kizima huhesabiwa. Babu aliyezaliwa Belfast au Derry, katika Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, ni sawa na aliyezaliwa Dublin au Cork. Wanaozaliwa kisiwani tangu Januari 1, 2005 wana masharti tofauti, kufuatia kura ya maoni ya mwaka wa 2004. Mtoto wa wazazi wa kigeni, wakiwemo Wakenya wanaofanya kazi huko, hawi raia kwa kuzaliwa tu hospitalini Dublin. Hutazamwa muda ambao mzazi ameishi kisiwani kihalali kabla ya uzazi huo.

Mume au mke hapati uraia kwa kuandikishwa kwa mwenzake. Njia yake ni ombi la tajnisi, ambalo huhitaji ndoa ya miaka mitatu na ukaazi katika kisiwa hicho. Na kwa wale ambao nasaba yao ni ya mbali, Waziri wa Haki wa Ireland ana mamlaka ya kulegeza baadhi ya masharti ya tajnisi kwa mtu mwenye asili ya nchi hiyo. Lakini hiyo ni hiari ya waziri, si haki ya mwombaji.

KOSA LINALOFUNGA MLANGO

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu. Katika suala hili, methali hiyo inaweza kuchukuliwa neno kwa neno.

Tuchukue mfano wa mwanamume aliyezaliwa Cork, akaja Kenya kufundisha, akaoa na kupata binti Nakuru. Binti huyo ni raia wa Ireland tangu kuzaliwa. Yeye naye akapata mwana Nairobi. Mwana huyo, ambaye ni mjukuu wa mwalimu, ana haki ya kuandikishwa daftarini wakati wowote, awe na umri wa miaka mitano au hamsini.

Sasa mjukuu huyo amekuwa mtu mzima na mkewe ni mjamzito. Akiandikishwa leo na mtoto azaliwe kesho, mtoto huyo atakuwa na haki ya kuandikishwa pia. Lakini mtoto akizaliwa leo na baba aandikishwe kesho, mtoto huyo amekosa haki hiyo, naye baba hawezi kuirejesha. Sababu ni kwamba uraia wa mtu aliyeandikishwa huanza siku ya kuandikishwa, haurudi nyuma hadi siku aliyozaliwa. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kujikuta mmoja ana haki na mwingine hana, kwa tofauti ya miezi michache tu.

Kuwasilisha ombi hakutoshi. Tarehe inayohesabiwa ni ile ya kuingizwa jina daftarini. Kwa kuwa shughuli hiyo huchukua miezi mingi, anayesubiri hadi mimba iingie huenda akawa amechelewa. Ndiyo maana familia zenye busara huandikisha vijana wao mapema. Kila kizazi kikiandikishwa kabla ya kuzaa kinachofuata, mnyororo haukatiki.

STAKABADHI ZINAZOHITAJIKA

Mali bila daftari huisha bila habari, na uraia ni vivyo hivyo. Mjukuu anayeomba anatakiwa kukusanya stakabadhi za vizazi vitatu.

1. Za babu au nyanya aliyezaliwa Ireland: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa ikiwa alifunga ndoa, pamoja na nakala iliyothibitishwa ya kitambulisho chake cha sasa, au cheti cha kifo ikiwa amefariki.

2. Za mzazi anayemuunganisha mwombaji na babu huyo: cheti cha kuzaliwa kinachotaja majina ya wazazi, cheti cha ndoa ikiwa ipo, na nakala ya kitambulisho au cheti cha kifo.

3. Za mwombaji mwenyewe: cheti cha kuzaliwa kinachotaja wazazi, cheti cha ndoa au hati ya kubadilisha jina ikiwa jina limebadilika, nakala iliyothibitishwa ya pasipoti au kitambulisho, ushahidi wa anwani anakoishi, na picha nne.

Vyeti vinavyotakiwa ni halisi au nakala rasmi kutoka kwa msajili, si fotokopi. Cheti kifupi kisichowataja wazazi, kama baadhi ya vile vinavyotolewa Uingereza, hakitoshi. Stakabadhi iliyoandikwa kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza au Kiairishi sharti iambatane na tafsiri iliyothibitishwa.

Fomu hujazwa kwenye mtandao, kisha huchapishwa na kutiwa sahihi mbele ya shahidi. Shahidi huyo awe mtu anayemjua mwombaji lakini asiwe jamaa yake, na awe na wadhifa unaokubalika, kwa mfano daktari, wakili, afisa wa polisi, kasisi, meneja wa benki au mwalimu mkuu. Yeye ndiye hutia sahihi kwenye fomu na picha mbili, na kuthibitisha nakala za kitambulisho. Kisha kifurushi chote hutumwa Ireland kwa posta.

KUTAFUTA CHETI CHA BABU

Wengi hukata tamaa wakiambiwa kwamba kumbukumbu za Ireland ziliteketea. Ni kweli kuwa Juni 30, 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za umma katika Four Courts, Dublin, liliungua na hazina kubwa ya karatasi za karne nyingi ikapotea. Lakini madaftari ya serikali ya kuzaliwa, ndoa na vifo hayakuwa humo. Yamesalia hadi leo.

Serikali ilianza kusajili vizazi vyote kisiwani mwaka wa 1864. Kwa kuwa babu na nyanya za waombaji wa siku hizi walizaliwa baadaye sana, uwezekano wa kupata cheti ni mkubwa. Ofisi Kuu ya Usajili ya Ireland ndiyo hutoa nakala rasmi. Kwa aliyezaliwa katika Ireland Kaskazini baada ya kisiwa kugawanywa, cheti huombwa Belfast. Madaftari ya zamani yanaweza kusomwa bila malipo kwenye mtandao, sawa na matokeo ya sensa za mwaka wa 1901 na 1911, ambazo huonyesha nyumba, umri na majina ya walioishi pamoja. Sensa si mbadala wa cheti, bali ni mwongozo wa kujua kaunti na mwaka wa kutafuta.

Tatizo kubwa zaidi huwa ni majina yasiyolingana. Aliyezaliwa O'Sullivan hufika ng'ambo akaitwa Sullivan. Mwanamke huzaliwa kwa jina moja na kuzikwa kwa jingine. Kila tofauti ya namna hii yapasa kuelezwa kwa cheti cha ndoa au hati nyingine rasmi.

Kwa familia za Kenya, kikwazo mara nyingi ni cheti kisicho na jina la baba. Kwa miaka mingi, kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilizuia jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa kuandikwa isipokuwa kwa masharti maalumu. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho mwaka wa 2016. Hata hivyo, wengi waliozaliwa kabla ya hapo wangali na vyeti vyenye pengo, na watahitaji ushauri wa wakili kabla ya kutuma ombi.

GHARAMA NA TAHADHARI

Ada ya kuandikishwa ni Yuro 278 kwa mtu mzima na Yuro 153 kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Pasipoti huombwa na kulipiwa kando baada ya cheti cha uandikishaji kutolewa. Muda wa kusubiri hubadilika kulingana na wingi wa maombi, na ombi lenye kasoro huchukua muda mrefu zaidi. Haraka haraka haina baraka, hivyo kagua kila tarehe na kila herufi kabla ya kufunga bahasha.

Jihadhari pia na matapeli. Hakuna wakala awezaye kumpa nasaba mtu asiye nayo, wala hakuna njia ya mkato ya kununua nafasi daftarini. Ireland ina ubalozi wake jijini Nairobi, na maelezo rasmi hutolewa bila malipo.

SHERIA YA KENYA YASEMAJE?

Tangu Katiba ya mwaka wa 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Aliyeupoteza chini ya katiba ya zamani anaweza kuomba kuurejesha. Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili kuitangazia serikali jambo hilo katika muda wa miezi mitatu, na kulificha ni kosa la jinai. Isitoshe, kifungu cha 78 cha Katiba kinazuia maafisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili, isipokuwa wachache waliotajwa. Anayewazia siasa na atafakari mapema.

Kwa jirani zetu wa Tanzania hali ni tofauti. Sheria yao hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo anayejipatia wa Ireland huenda akaupoteza wa kwao.

Basi ikiwa nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya babu mzaliwa wa Galway au nyanya wa Belfast, waulize wazee leo alizaliwa kijiji gani, mwaka upi na kwa jina lipi. Kumbukumbu za Dublin zitangoja, lakini mzee anayekumbuka hatangoja milele, wala mtoto aliye tumboni hatasubiri daftari lifunguliwe.