Vumbi la ndege wa kufugwa lahatarisha mapafu

Wafugaji wengi wa njiwa na kasuku hujihadhari na manyoya yaliyoanguka sakafuni. Hatari kubwa hasa ni vumbi jeupe, laini mno, linalotoka katika manyoya hayo, pamoja na kinyesi kilichokauka kikapeperuka hewani.

Mtu ambaye mapafu yake yanalikataa vumbi hilo hushikwa na homa, kikohozi na kubanwa kifua saa 4 hadi 8 baada ya kusafisha tundu. Kufikia wakati huo tundu limeshasahaulika, na ni rahisi kudhani ni malaria. Akiendelea hivyo kwa miaka, mapafu huweza kupata makovu yasiyopona. Yafaa basi daktari aelezwe kwamba nyumbani kuna ndege. Pengine atashauri waondolewe.

Tundu lisiwekwe chumbani mwa kulala, wala lisifagiliwe likiwa kavu. Lilowanishwe kwanza, madirisha yafunguliwe, na anayelisafisha avae barakoa. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo.

Jikoni pia hapafai, ila huko anayehatarika ni ndege mwenyewe. Gesi ya jiko la makaa humlemea kabla ya binadamu. Ndiyo sababu wachimba makaa wa Uingereza walishuka migodini na ndege hadi mwaka wa 1986.