Sehemu Zilizopotea za Doctor Who

Mali huibwa na mwivi, huteketezwa kwa moto, au huchukuliwa na maji. Ni nadra kuharibiwa na mwenyewe kwa mkono wake, mchana kweupe, huku akiamini kuwa atenda jambo la busara. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu nyingi za Doctor Who, mchezo wa televisheni wa hadithi za sayansi ya kubuni uliotungwa na Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa Rais Kennedy wa Marekani. Msiba ule ulishughulisha nyoyo za watu hata sehemu ya kwanza ikarudiwa wiki iliyofuata. Msimamizi wake, Verity Lambert, alikuwa mwanamke wa miaka 27. Mwelekezi wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, alikuwa mzaliwa wa India. Habari yenyewe ilimhusu mzee wa ajabu asafiriye katika nyakati na nyota kwa chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi. Kabla ya mwaka kwisha walitokea Daleks, viumbe wenye chuki waliojificha ndani ya magamba ya chuma, na watoto wa Uingereza wakawaogopa na kuwapenda kwa pamoja.

Katika miaka sita ya kwanza zilionyeshwa sehemu 253. Zilihifadhiwa katika tepe pana za video, na tepe hizo zilikuwa ghali; ila zilikuwa na sifa moja, kwamba ziliweza kufutwa na kutumiwa tena. Chama cha waigizaji nacho kilichelea kuwa michezo ya kale ikirudiwa mara nyingi, wanachama wake watakosa kazi mpya. Kwa hiyo mapatano yaliweka mpaka wa kurudia. Kisha ikaja televisheni ya rangi, na picha nyeusi na nyeupe zikaonekana kama nguo iliyopitwa na wakati. Tangu 1967 tepe zilianza kufutwa, wala haikusalia hata moja ya sehemu zile za awali.

Zilibaki nakala za filamu zilizofanywa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo. Hizo nazo, haki ya kuziuza ilipokwisha, zilitupwa na kuchomwa hadi 1978. Hapakuwa na adui katika jambo hili. Maktaba ya filamu haikuwa na wajibu wa kutunza tepe. Tawi la biashara halikuwa na wajibu wa kutunza kisichouzika. Na kila upande ulidhani kuwa upande wa pili umeweka akiba. Mzigo wa wengi ulikosa mchukuzi.

Miongoni mwa vilivyopotea ni sehemu ya tarehe 29 Oktoba 1966, ambamo William Hartnell, aliyekuwa wa kwanza kumwigiza Doctor, aligeuka sura na nafasi yake ikashikwa na Patrick Troughton. Hila hiyo ndiyo iliyoupa mchezo maisha marefu, kwa kuwa tangu hapo shujaa wake aliweza kubadilishwa bila ya kufa. Kipande kifupi cha mgeuko huo kilisalimika kwa sababu kilipata kuonyeshwa katika kipindi kingine cha watoto.

Uokozi ulitoka mahali pasipotazamiwa. Filamu zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya nchi nyingi, Nigeria, Zambia, Kenya na Uganda zikiwa baadhi yao. Kituo kilichokwisha kuzitumia kilitakiwa kuzirudisha, kuziharibu, au kuzipeleka kwa mnunuzi mwingine. Penye uzembe mdogo wa kutimiza amri hiyo ndipo hazina iliposalia. Hadithi nzima ya sehemu nne ilirudi kutoka Hong Kong katika 1992. Katika 2013 ilitangazwa kuwa sehemu 9 zilizopotea zimepatikana katika mji wa Jos, Nigeria. Hata hivyo, sehemu 97 zilikuwa bado hazijaonekana.

La ajabu zaidi lilitukia Australia. Wakaguzi wa nchi hiyo waliamuru vipande vya kutisha vikatwe, na vipande hivyo vikawekwa katika nyaraka za serikali. Vilipofukuliwa katika 1996, baadhi vilikuwa ndivyo picha pekee zilizobaki za sehemu zao. Mkasi uliokusudiwa kuficha ukawa ndio uliohifadhi. Sauti za sehemu zote pia zipo, kwa sababu watazamaji, wengine wakiwa vijana tu, walizinasa majumbani mwao kwa mashine za kurekodia.

Basi ghala la mwenye mali lilishindwa, na akiba ya kijana, jalada la mkaguzi na rafu ya kituo cha mbali vikafaulu. Waliofuta hawakuwa wajinga. Walipima thamani ya kitu kwa mahitaji ya siku yao. Lakini thamani ya kazi ya sanaa haijulikani yote kwa kizazi kilichoitenda. Kwa sababu hiyo mtunzaji mwema huweka hata kile ambacho haoni faida yake, na nakala hukaa salama zaidi katika mikono mingi kuliko chini ya kufuli moja.