The Dillinger Escape Plan: hesabu ndani ya makelele

Leo naomba tuache misimbo kando kidogo, wasomaji wangu, tuzungumze muziki. Najua wengi wenu mkisikia metali mnasikia makelele tu, na kwa bendi hii siwezi kuwalaumu. Lakini nivumilieni, kuna hesabu ndani yake.

The Dillinger Escape Plan ilianzishwa mwaka 1997 huko Morris Plains, New Jersey, Marekani. Jina lilitokana na John Dillinger, jambazi wa mabenki wa miaka ya 1930 aliyesifika kwa kutoroka jela. Vijana hawa walitoka kwenye hadikoo, yaani panki ya kasi na hasira, wakaichanganya na metali na jazi. Injini yao ilikuwa Ben Weinman kwenye gitaa na Chris Pennie kwenye ngoma.

Nyimbo nyingi za redioni huhesabiwa nne nne: moja, mbili, tatu, nne, kisha unarudi mwanzo. Ni kitanzi tu, kama vile tunavyoandika kwenye programu. Hawa jamaa hubadilisha idadi ya mapigo kabla sikio halijazoea. Mara ya kwanza utadhani kila mmoja anapiga wimbo wake. Rudia mara tano hivi, ndipo utagundua kwamba wote wanatua mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hakuna kilichobahatishwa.

Albamu yao ya kwanza, Calculating Infinity, ilitoka 1999 kupitia kampuni ya Relapse. Ina dakika kama 37 tu, lakini bendi nyingi za metali zimekuwa zikiinakili tangu hapo. Kabla ya kuirekodi, mpiga besi Adam Doll alipata ajali ya gari, akaumia uti wa mgongo na kupooza. Weinman akalazimika kupiga besi pia, juu ya gitaa lake.

Mwaka 2001 mwimbaji Dimitri Minakakis akaondoka. Mike Patton wa Faith No More akawaimbia nyimbo nne zilizotoka 2002, mmoja ukiwa wa Aphex Twin, mtu anayetengeneza muziki kwa mashine. Hapo ndipo mimi nilipowapenda: kitu kilichotengenezwa na tarakilishi, binadamu wanakipiga kwa mikono!

Mwimbaji mpya, Greg Puciato, aliweza kupiga kelele na pia kuimba kweli kweli. Miss Machine ya 2004 ilikuwa na nyimbo zenye viitikio vya kukumbukika, na mashabiki wa zamani wengine wakanuna. Kwa maoni yangu, walinuna bure. Kasi bila pumzi huchosha.

Gharama ililipwa na miili. Mpiga gitaa Brian Benoit alipatwa na tatizo la neva mkononi, ikabidi aache. Pennie naye akahama 2007, akajiunga na Coheed and Cambria. Kati ya waanzilishi akabaki Weinman peke yake. Ni kama programu ambayo waandishi wake wote wameondoka isipokuwa mmoja, naye ndiye anayejua kwa nini kila mstari uko pale ulipo. Wakaingia wapiga ngoma wapya, na albamu zikaendelea kutoka: 2007, 2010, 2013.

Mwaka 2016 walitoa Dissociation na kutangaza kwamba wanafunga. Februari 2017 lori liligonga basi lao nchini Poland. Wangeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walirudi jukwaani, wakamaliza kwa usiku tatu mfululizo New York, Desemba 2017.

Lakini 2024 wakakutana tena Brooklyn kuadhimisha miaka 25 ya Calculating Infinity, Puciato hayupo, Minakakis akiwa kwenye maikrofoni.

Ukitaka kuanza, anza na Miss Machine, usianze na ile ya 1999. Na kama unatumia spika za masikioni, punguza sauti kwanza.