Kasida ya Waliofungwa Vinywa

Wengi wetu tukisikia neno shairi, fikira zetu huenda kwenye arusi, malumbano na kusifiana. Na wako wanaodai kwamba dini imeyalaumu mashairi moja kwa moja, haikubakisha hata moja. Ndugu msomaji, rejea Sura ya 26, Sura ya Washairi, uisome mpaka mwisho. Utaona kuwa baada ya lawama, Mwenyezi Mungu amewatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema, wakamdhukuru kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Hilo la mwisho ndilo tutakalolizungumza leo, na tarikhi itatupa mfano wake.

Mji wa Granada, ngome ya mwisho ya dola ya Kiislamu katika Hispania, ulisalimishwa kwa Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella tarehe 2 Januari 1492. Katika mapatano ya Novemba 1491 wafalme hao waliahidi kuwa Waislamu wataachiwa dini yao, misikiti yao, makadhi wao na mali zao. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka kumi. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alifika Granada, watu wakaanza kubatizwa kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikatiwa moto hadharani. Waislamu walipoinuka walipigwa vita mpaka mwaka 1501. Mwaka 1502 ikatoka amri kwa Waislamu wote wa Castile: ubatizo au kuihama nchi.

Katika siku hizo za hofu, mtu ambaye jina lake halikutufikia alitunga kasida ya Kiarabu ya beti zipatazo mia, ikapelekwa Istanbul kwa Sultani Bayezid wa Pili. Si kasida ya mapambo. Baada ya salamu, mtungaji anahesabu dhulma moja baada ya moja: ahadi zilivunjwa, misahafu ilichomwa, majina ya watu yalibadilishwa, na mwenye kuonekana akiswali au kufunga aliadhibiwa. Kisha anatoa hoja: Wakristo waliishi chini ya watawala wa Kiislamu wakaachiwa dini yao, mbona wao hawakutendewa hivyo?

Lakini kiini cha kasida ile ni jambo jingine. Wajumbe wa Hispania walikuwa wamemwambia mtawala wa Misri kwamba watu hawa wameingia Ukristo kwa hiari yao. Mtungaji anaapa kuwa si kweli. Ni hofu ya kuuawa na ya kuchomwa moto. Na asije mtu akadhani ni maneno matupu, anavitaja kwa majina vijiji kama Huéjar na Andarax, na kuwataka wenye shaka waulize yaliyowafika watu wake.

Je, kasida ile iliwaokoa? La. Jeshi la Sultani halikuja. Mwaka 1567 lugha ya Kiarabu ilipigwa marufuku, na kuanzia mwaka 1609 hadi 1614 watu wapatao 300,000 wa kizazi chao walifukuzwa nchini.

Basi ilifaa nini? Ilifaa kuwa ushahidi. Mwanachuoni al-Maqqari wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1632, aliinukulu katika kitabu chake, ikatufikia. Mfalme alikuwa na majeshi, wajumbe na makarani. Aliyedhulumiwa alikuwa na beti zake tu. Lakini leo hawezi mtu kusoma maneno ya wale wajumbe pasina kuisikia sauti inayowakadhibisha.

Wajukuu wao, hata Kiarabu kilipowapotea, waliandika lugha ya Kihispania kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Mwaka 1603 Mohamad Rabadán wa Aragon alitunga utungo mrefu juu ya Mitume na nuru ya Mtume wetu (S.A.W.). Na mwaka 1884, nyumba kuukuu ilipovunjwa katika mji wa Almonacid de la Sierra, vilikutwa vitabu vya watu hawa vimefichwa chini ya sakafu ya mbao.

Nasi pwani tunaye wetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa waraka alioandika kuikosoa serikali. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1973 mashairi hayo yalitoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Ndugu zangu, tusiishie kuwasikitikia watu wa Granada. Tujiulize: ni nani katika nyumba zetu aliyefungwa kinywa? Mjane aliyenyimwa urithi wake? Yatima? Mtumishi asiyelipwa ujira wake? Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Anayemziba kinywa mnyonge humzuia asisikiwe na watu tu.

Na makaratasi ya mabibi zetu yaliyomo sandukuni, yenye tungo kwa herufi za Kiarabu, tusiyatupe jaani kabla ya kuyasoma. Huenda mna ushahidi wa mtu aliyekosa pengine pa kusemea.

Wabillahi tawfiq.