Beni: ngoma iliyowatia wakoloni kiwewe

Haya wadau, leo tuache kidogo habari za bumu. Kwenye semina kuna mtu kasema beni si sanaa yetu, ni kuiga wazungu tu. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, na hapa ndipo nataka tubishane.

Beni ya Zanzibar mnaijua: matarumbeta, ngoma, watu wanapita mtaa kwa mtaa na umati nyuma yao. Imo hata kwenye maandamano ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, kabla usiku haujahamia Ngome Kongwe. Kwenye beni hutafuti kiti wala jukwaa. Ukisikia, unatoka nje, unafuata.

Sasa historia. Jina limetokana na bendi. Miaka ya 1890, watu wa Lamu na Mombasa walichukua mambo ya bendi za kijeshi wakayatia kwenye kitu cha zamani zaidi: mashindano ya ngoma kati ya mitaa. Vita ya 1914–1918 ikaja, askari na wapagazi wakaisambaza hadi bara. Vyama vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti, vikiwa na matawi miji mingi na vyeo vya kila aina. Yaani mchana unabeba mizigo ya bwana, jioni wewe ni jenerali!

Tena haikuwa mbwembwe tupu. Mwenzao akiugua walichanga, akifa walimzika. Ugeni mjini ukapata ndugu.

Ndiyo maana wakoloni waliitilia shaka. Mwaka 1935 wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waligoma, na watu 6 wakauawa kwa risasi kule Luanshya. Tume ya uchunguzi ikaanza kuulizia habari za Mbeni, ngoma hiyohiyo! Sasa jiulizeni, nani huchunguza kichekesho?

Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Kitafuteni maktaba, msiishie kwenye madesa.

Kwangu mimi, aliyevaa magwanda ya bwana bila ruhusa akajipa cheo mwenyewe hakuwa anaiga. Alikuwa anajaribu vazi kama linamtosha.

Haya, wabishi, uwanja ni wenu.